Komeo la Mlango wa Mdogo Wangu

Mara tatu mfululizo vipimo vilisema mdogo wangu ana taifodi. Mara ya kwanza taifodi peke yake, mara ya pili taifodi na UTI, mara ya tatu taifodi, UTI na "dalili za vidonda vya tumbo". Zahanati zilikuwa mbili tofauti, dawa karibu zilezile, na kila nilipotoka dirishani na bahasha za vidonge nilimshukuru Mungu kwamba ugonjwa umepata jina. Alikuwa na miaka 17, yuko kidato cha tatu, anaishi kwangu Mbagala tangu mama alipomleta kutoka Korogwe aje asome. Leo kichwa, kesho tumbo, keshokutwa mgongo. Alimaliza dozi zote tatu, hali ikabaki palepale.

Mimi ni fundi cherehani. Kibarazani kwangu pana benchi la wateja, na siku hizi haupiti mwezi bila mama au dada mtu kukaa pale akisubiri nimpunguzie gauni, kisha akaanza taratibu: "Huyu wangu wa kidato cha pili sijui ana nini, fundi." Nimeshalisimulia jambo hili kwa mdomo mara nyingi. Sasa naliandika, na mwenyewe amesoma kila mstari na kukubali. Pale aliposema toa, nimetoa.

Kwanza niseme nilichokuwa nakiona bila kukielewa. Huyu alikuwa mtoto wa mpira, akitoka shule hata sare havui, anakwenda zake kiwanjani. Viatu vyake vya mpira vikaota ukungu mvunguni. Alikuwa anamaliza sahani ya wali na kuuliza kama kuna ukoko. Akawa anachokonoa tonge mbili tatu na kusema ameshiba. Usiku nikiamka kwenda msalani, saa tisa, saa kumi, naona mwanga wa simu chini ya mlango wake. Mchana analala kama mtu aliyetoka zamu. Na alianza kufunga komeo. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, mlango wa chumba chake haukuwahi kufungwa kwa ndani, lakini ghafla nikawa nasikia lile komeo likigonga: kap.

Nikasema ni ujana, au simu, au kuna msichana. Shuleni walisema ni uvivu, na alichapwa viboko kwa kusinzia darasani. Nilimfuata mwalimu wa malezi. Akamwita mdogo wangu ofisini, mbele yangu na walimu wengine wanne waliokuwa wanasahihisha madaftari, akamuuliza, "Una tatizo gani?" Akajibu hana. Mwalimu akanigeukia: "Umemsikia mwenyewe." Nikapanda daladala kurudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Sasa hivi nikilikumbuka lile swali, lililoulizwa mbele ya watu sita, naona hata mimi mtu mzima nisingelijibu.

Mama, kwa simu kutoka Korogwe, alikuwa na maelezo yake. Alisema kijana ameguswa, na kuna mtu wa kumtazama kijijini. Likizo ya mwezi wa sita tukaenda. Shilingi 180,000 zilitoka, pamoja na jogoo na kitambaa chekundu, na mdogo wangu alikaa siku tatu akifukizwa moshi bila kubisha. Kule kutobisha ndiko kulikopaswa kunitisha, maana kijana wa miaka 17 mwenye nguvu zake angegoma. Simlaumu mama. Alitoa pesa ya mahindi yake yote kwa sababu anampenda mwanawe, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia pengine pa kwenda. Kwetu kule, hospitali ya Lutindi iko juu milimani Usambara tangu enzi za Wajerumani, na tulipokuwa watoto ilitajwa kwa kututishia tu: ukifanya ujinga utapelekwa Lutindi. Huku Dar es Salaam jina la kutishia ni Mirembe, ya Dodoma. Tumekua tukijua kuwa hospitali ya akili ni mahali pa kupelekwa mtu kwa kamba. Hakuna aliyetuambia kuwa mtu anaweza kwenda mwenyewe kwa miguu yake, akachukua namba, akasubiri kama anavyosubiri kliniki ya meno.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Jumanne mwezi wa nane. Nilikuwa na oda ya sare, mashati arobaini, na mdogo wangu alikuwa ananisaidia kutia vifungo. Akanyamaza muda, halafu akasema huku anakata uzi kwa meno, "Dada, hivi mimi nisipokuwepo, kazi hii ya kutia vifungo utampa nani?"

Nikamjibu haraka, "Acha maneno hayo, utaleta mkosi."

Akaacha. Alimaliza kifungo kile, akanyanyuka, nikasikia kap.

Usiku ule sikulala. Maneno "nisipokuwepo" yalikuwa yananirudia. Nilikuwa najua namba 116 kutokana na matangazo ya redio, ile simu ya bure ya kusaidia watoto, na kwa kuwa hajafika miaka 18 nikaona yeye ni mtoto bado. Nikatoka nje uani kabla ya alfajiri, nikapiga nikiwa nimejifunika kanga kichwani ili wapangaji wasisikie. Nilimsimulia dada wa upande wa pili taifodi, moshi, viatu, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Umemuuliza kama anafikiria kujiua?" Nikasema siwezi, nitamtia hilo wazo. Akaniambia kwa upole kwamba watu wengi huogopa hivyo, lakini swali halimpandikizii mtu wazo ambalo hana. Likiwa halipo atasema halipo, na likiwepo atapata nafasi ya kulitua.

Naomba yeyote mwenye kijana nyumbani abaki na hili hata kama atasahau mengine yote. Niliogopa neno, na kwa kuliogopa nilimwacha peke yake nalo.

Asubuhi nilizima cherehani. Nilikuwa nimeshika kola ya shati, nikawa naikunja na kuikunjua. Nikamwambia, "Mdogo wangu, jana uliniambia kitu nikakukatiza. Nisamehe. Nataka kukuuliza, na jibu lolote utakalonipa sitakugombeza. Unafikiria kujiua?" Alitazama sakafu. Mimi nimezoea kujaza kimya, lakini safari hii nilijizuia. Pikipiki mbili zilipita nje. Halafu akasema, "Ndiyo. Siku nyingi." Na machozi yakaanza kumtoka, mtoto ambaye sikuwa nimemwona akilia tangu kwenye mazishi ya baba. Nilimshika mkono. Sikuwa na maneno, na naona haikuwa na haja ya maneno.

Kulikuwa na hofu nyingine niliyokuwa nayo kifuani, nayo nitaitaja kwa kuwa najua si yangu peke yangu. Niliogopa polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu hapa Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo kijuujuu, kwa hiyo wanaficha hata mawazo. Nilimpigia binamu yangu ambaye ni nesi Nairobi, akaniambia kwamba kuwaza si kosa, na hakuna sheria inayomkamata mtu kwa kumweleza daktari kuwa amechoka kuishi. Yeye huyohuyo baadaye ndiye aliyenijulisha kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya imetamka kwamba kifungu cha 226 cha kwao, kilichokuwa kinamfunga mtu mpaka miaka miwili kwa kujaribu kujiua, kinapingana na katiba. Natamani na sisi tufike huko. Mtu aliyefika ukingoni anahitaji kitanda na mtu wa kukaa naye. Pingu zitamsaidia nini?

Siku hiyohiyo tulikwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Kliniki ya afya ya akili ilikuwa mwisho wa korido. Mdogo wangu alivuta kofia ya sweta mpaka machoni. Kwenye benchi palikuwa na mama mwenye mtoto mchanga, mzee wa kanzu, vijana wawili waliokuja na vitabu vyao vya chuo, na mwanamke mmoja mwenye kitambulisho cha benki shingoni. Nilikuwa nategemea kuona watu wamefungwa.

Nesi akaanza kuandika kadi. "Jina?" Nikataja. "Umri?" Nikataja. "Anasumbuliwa na nini?" Nikaanza hadithi yangu: kichwa, tumbo, halali, hali. "Anajisikiaje?" Nikasema, "Anajisikia mnyonge." Nesi akaandika. Mdogo wangu alikuwa amekaa katikati yetu kama mzigo unaopimwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, anaongea polepole. Alipouliza swali la kwanza nami nikafungua mdomo, aliweka kalamu chini. "Dada yake, asante kwa kumleta. Sasa naomba utusubiri nje."

Nilitoka nimekasirika, lazima nikiri. Mimi ndiye niliyemlea miaka yote hii, mimi ndiye ninayejua. Nikakaa kwenye benchi nikitazama ule mlango kwa dakika hamsini. Na humo ndani ya dakika hamsini hasira ikaanza kugeuka kitu kingine, kwa sababu nilianza kuhesabu: zahanati ya kwanza nani alijibu? Mimi. Ya pili? Mimi. Kwa mganga? Mama. Shuleni waliuliza wenyewe, lakini mbele ya ofisi nzima. Tangu ugonjwa uanze, zaidi ya miezi saba, hakuna mtu hata mmoja aliyekaa na huyu kijana faragha, akamuuliza, akangoja jibu. Kila mlango tuliobisha niliingia mimi kwanza.

Ndani, nilikuja kuelezwa, walipitia maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha na vitu alivyovipenda, kujiona hafai, na mengine. La tisa ndilo lile nililouliza mimi asubuhi. Jina la ugonjwa ni sonona, ambao kwa Kiingereza huitwa depression. Daktari aliniambia sonona kwa vijana mara nyingi huja imevaa nguo za magonjwa mengine: kichwa, tumbo, uchovu, hasira, kufeli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la mdogo wangu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60. Piga hesabu wangapi walikuwa wanasinzia na kuchapwa pamoja naye.

Mengi aliyoyasema mle ndani ni yake. Moja ameniruhusu. Baba alipofariki yeye alikuwa na miaka 14, na pale msibani kila mwanaume aliyempa mkono alimwambia, "Usilie, wewe sasa ndiye baba wa nyumba hii." Wajomba, majirani, wazee wa msikitini. Na mimi pia. Nilimwambia hivyo nikiwa nimemkumbatia, nikidhani namtia nguvu. Mtoto wa darasa la saba aliyatia maneno yale moyoni kama deni. Kila nilipokosa kodi, kila mama alipougua, yeye alikuwa anajihesabia kuwa ameshindwa kazi aliyopewa.

Kabla hatujaondoka daktari alituita wote wawili, na mdogo wangu mwenyewe akaandika kwa mkono wake mpango wa siku mbaya: dalili anazozijua yeye kwamba siku inakwenda kuwa mbaya, vitu vinavyompunguzia, watu watatu wa kuwapigia, na mahali pa kukimbilia usiku, yaani mapokezi ya dharura ya hospitali ileile. Upande wangu nilipewa kazi mbili. Dawa zote za nyumbani, hata panado, zikae kwangu chini ya ufunguo. Na komeo litoke. Jioni ile nilichukua bisibisi, nikang'oa komeo, nikalitia kwenye droo ya vifungo pamoja na skrubu zake nne. Aliniangalia tu. Nikamwambia nitabisha hodi kila mara, na sijawahi kuivunja ahadi hiyo.

Dawa aliyoandikiwa ni fluoksetini, kimoja kila asubuhi. Hapa watu wengi wanakata tamaa, kwa hiyo nitasema kwa urefu. Panado inatuliza ndani ya nusu saa. Hii inachukua wiki mbili, nne, hata sita ndipo mtu aone tofauti. Wiki ya kwanza alipata kichefuchefu na usingizi ukazidi kuruka. Daktari alikuwa amenionya pia kwamba kwa vijana wiki za mwanzo ni za kuwa macho zaidi, maana mawazo mabaya yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua, kwa hiyo nilihamishia godoro langu sebuleni, mbele ya mlango wake. Wiki ya tatu hakuna kitu. Mama akapiga simu: "Hizo dawa mbona hazifanyi kazi?" Wiki ya tano, asubuhi moja, nikasikia anapiga mluzi bafuni. Nikasimama na ndoo mkononi mpaka akanyamaza.

Ila dawa peke yake nisingeisifia. Kila baada ya wiki mbili alikuwa anakaa na mshauri nasaha, kijana wa kiume ambaye hakuwa na haraka. Hakumhubiria kuhusu maisha. Walikuwa wanapanga vitu vidogo kwenye karatasi: saa kumi jioni nenda kiwanjani, si lazima ucheze, kaa tu kwenye tofali dakika kumi, urudi, uandike ulijisikiaje. Wiki ya kwanza alikaa kwenye tofali. Wiki ya pili mpira ulitoka nje, ukamfuata, akaurudisha kwa mguu. Aliandika kwenye karatasi: "Nimeurudisha mpira." Nimeitunza ile karatasi.

Siku moja nikisubiri koridoni, mshauri huyo alinisimulia kuhusu Harare, Zimbabwe, ambako tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amekuwa akifundisha akina bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Kwa Kishona, lugha ya huko, wanalo neno *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, na wale bibi walianzia kwenye neno hilo badala ya majina ya kitabibu. Nilifurahi kulisikia, maana hata sisi tunasema "ana mawazo" na kila mtu anaelewa. Pengine mtu akikaa kwenye benchi langu akasema "ana mawazo", pale ndipo pa kuanzia.

Na dini? Nilimfuata ustadhi wetu wa mtaani, faragha, nikamweleza kila kitu. Nilitegemea aniambie niache hospitali. Akaniuliza kliniki ni lini, kisha akasema, "Njoo naye baada ya magharibi tumsomee, na kliniki msikose." Akawa yeye ndiye aliyemtuliza mama kwa simu. Mpaka leo namwombea. Mama naye alipokuja Dar na kumwona mwanawe akila, aliniomba nimpeleke akamshukuru yule daktari, akamchukulia na embe za Korogwe.

Haikwenda moja kwa moja. Mwaka uliofuata, kidato cha nne, miezi mitatu kabla ya mtihani, rafiki yake aliona kadi ya kliniki akamwambia hizo ni dawa za machizi. Mdogo wangu akaacha dawa kimyakimya. Alikuwa ananiambia amekunywa. Baada ya wiki nne mwanga wa simu ukarudi chini ya mlango, na mimi nikarudi kwenye jibu langu la zamani: nikagomba, nikataja nauli, nikataja oda nilizoziacha. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Dada, unaniuliza au unanijibia?" Nikakaa chini. Nikamuuliza. Siku ya pili tulikuwa kwenye benchi, yeye akaingia, mimi nikabaki. Daktari hakumgombeza, alimweleza kwamba dawa hii, hata mtu akijisikia mzima, huendelezwa kwa miezi mingine sita au zaidi, na ikifika wakati wa kuacha hupunguzwa taratibu kwa kuelewana na daktari. Mtihani aliufanya. Alama hazikuwa za kutangaza mtaani. Sasa anasoma ufundi umeme, na siku mbaya bado zinamjia, ila anazitambua mapema kuliko mimi.

Mwezi uliopita alikuja kibarazani, akakaa kwenye benchi la wateja kama mteja, akangoja nimalize kushona zipu. Akasema ameongea na daktari, na daktari amekubali, sasa anaomba na mimi: "Dada, nina miaka 19. Nataka komeo langu."

Nilimuuliza anajisikiaje. Nikangoja. Akanijibu kwa kirefu, nami sikumkatiza.

Kisha nikavuta ile droo, nikachambua vifungo, bizimu za mikanda, sindano zilizokatika. Komeo lilikuwa chini kabisa, limeshika kutu kidogo. Skrubu nikazipata tatu. Tuliitafuta ya nne mpaka kwenye vumbi la chini ya cherehani, hatukuiona. Akachukua bisibisi mkononi mwangu.

"Tatu zinatosha," akasema, akaenda kulifunga mwenyewe.